Nyumba Haikuchora Tumbili

Niyigena alimtambua tumbili kwa mkia wake.

Mteja aliyekuwa anasubiri kutolewa nakala za vyeti pale stationari ya Kayanga alikuwa ameinamia simu, anacheza mchezo na kucheka peke yake. Aliponyoosha mkono kupokea karatasi za kwanza, kioo cha simu kikamgeukia Niyigena, naye akauona mkia: mwembamba, wa kahawia, ncha yake imejikunja kwa upande usiofaa kama ndoano iliyopigwa nyundo. Hapakuwa na tumbili mwingine wa mkia huo. Tumbili mwenyewe alichorwa na mtu mwingine miaka mingi nyuma, lakini ile ncha ya mkia aliichora Niyigena.

"Samahani kaka, huo mchezo umeutoa wapi?"

"Huu? Huu ni wa kwetu kabisa, dada. Kimbia Tumbili. Kautengeneza Jovin Kamugisha, yule fundi simu wa Kiruruma. Jumamosi wanauzindua hapo ukumbini, hujasikia? Hebu mwone bibi huyu."

Kwenye kioo, bibi kizee mwenye fimbo alikuwa anamfukuza tumbili kati ya migomba. Akakanyaga ganda la ndizi, miguu ikaenda juu, akaangukia matopeni. Simu ikalia kengele na pointi zikapanda. Yule kaka akacheka mpaka akajifuta macho. Niyigena hakumtazama bibi. Alikuwa anautazama mkia.

"Naomba nione mwisho, pale wanapoandika majina."

Majina yalikuwa mengi. Jovin aliwashukuru wazazi, mchungaji, kwaya ya vijana na rafiki aliyemwazima kompyuta. Kwenye michoro paliandikwa: *Kwa idhini ya Mzee Telesfori Byabato, Kamuli.* Basi. Jina la Niyigena halikuwapo hata kwa herufi za sisimizi.

Alimrudishia mteja simu yake, akatoa nakala ya cheti kwa upande wa nyuma, akatoa nyingine, nayo ikatoka nyeupe. Niyigena hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akikasirika machozi ndiyo hutangulia, watu wakadhani ana huzuni, wakaanza kumwonea huruma, na huruma hiyo ikamzidishia hasira. "Pole, umefiwa?" yule kaka akamuuliza. Akasema hapana, akainama chini ya meza kana kwamba anatafuta wino.

Mchezo wa simu ukiufungua kwa programu inayofaa, unakuwa kama stoo isiyofagiliwa. Ndani mna sauti, mna maandishi, na mna picha zilizokatwa vipandevipande, mguu huku, kichwa kule, zimerundikwa kwenye faili moja. Kuzitoa humo, wanaoijua kazi hiyo wanaita kuchomoa. Niyigena alijifunza kuchomoa akiwa chuoni, na alipomaliza na kurudi nyumbani Kituntu bila ajira, aliukuta ule mchezo wa zamani, Tumbili wa Kibanja, kwenye simu ya mama yake iliyopasuka kioo. Walikuwa wameutengeneza vijana fulani wa Mwanza wakati yeye yuko sekondari, na shule nzima iliucheza. Baadaye kampuni yao ikavunjika na mchezo ukatoweka kote, usibaki ila kwenye simu chakavu kama ile.

Alikaa msimu mzima wa mvua akiuchomoa. Picha moja moja aliisafisha kingo, akazipanga hatua za tumbili zifuatane, hatua za bibi zifuatane, migomba upande wake, vikapu upande wake. Picha moja ya tumbili ilikuwa imeharibika ndani ya faili na ncha ya mkia haikuwapo. Akaichora mwenyewe, kidoti kwa kidoti, akafuta, akarudia, wala haikukaa sawa hata siku moja. Akaiacha hivyo hivyo. Kisha akaziweka zote kwenye ukurasa wa mtandaoni ambako watengeneza michezo huazimana vifaa, na chini yake akaandika: *Michoro ni ya E. Telesfori, kwa idhini ya Mzee Telesfori Byabato wa Kamuli, Kyerwa. Imechomolewa na kusafishwa na Niyigena. Ukitumia, taja majina yote. Usiufute mstari huu.*

Jovin aliukata mstari kama mtu anayekata kitambaa, akabakiza kipande kilichomfaa.

Na idhini ile haikuwa ya kubuni. Niyigena aliifuata. Mwisho wa mchezo wa zamani paliandikwa mchoraji ni E. Telesfori wa Kamuli, akauliza huku na huku mpaka akaambiwa nyumba ya Telesfori ni ile yenye mti wa mparachichi mlangoni. Akapanda bodaboda toka Kayanga na sukari kwenye mfuko. Mzee Telesfori alimkaribisha sebuleni, akaitisha kahawa ya kutafuna, ile akamwani iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake, wakala, wakaulizana habari za mvua. Niyigena alipouliza kama mchoraji yupo, mzee akasema, "Kilichotoka katika nyumba hii kimetoka kwangu, mwanangu. Chukua. Hapa ni kwenu." Ikampa nafuu kubwa. Kwa aibu yake aliyozaliwa nayo, kumwomba mtu mmoja kulikuwa kazi ya kutosha, na kumruka mzee akaenda kumtafuta mtoto wake kungekuwa utovu wa adabu. Akaondoka akiamini E. ni kijana wa kiume aliyeko mbali, Dar es Salaam labda.

Jioni ya siku ile alimwandikia Jovin. Aliandika akafuta, akaandika akafuta, na kilichobaki kikawa kifupi: "Kaka Jovin, picha za mchezo wako umezitoa kwenye kazi yangu. Jina langu umelifuta. Naomba ulirudishe kabla ya Jumamosi."

Jibu lilikuja kwa sauti, na nyuma yake watu wanasikika wakicheka kibandani.

"Dada Niyigena, hongera kwa kazi. Sasa hebu nieleweshe, maana mimi ni fundi tu. Wewe picha ulizichora? Hukuzichora. Ulizichomoa kwa watu. Mimi nami nikazichomoa kwako. Tofauti yetu ni nini, kwamba wewe uliwahi? Tena mimi nina adabu zangu. Nilisoma mstari wako, nikaona mwenye mali ni Mzee Telesfori, nikamfuata. Nilipeleka sukari, nikapeleka na sabuni. Wewe ulipeleka sabuni?"

Niyigena alisikiliza mara moja tu, akaizima simu. Alijua tofauti ipo, aliiona wazi kama mkono wake, lakini kila alipotaka kuisema iligeuka kuwa "nilikaa msimu mzima wa mvua," na hilo halikuwa jibu la kumnyamazisha mtu mwenye mdomo kama wa Jovin.

Mama yake, Mukabera, alikuwa anapembua maharage kwenye ungo. Alimwacha bintiye apigepige vyombo mpaka akachoka, ndipo akauliza.

"Huyo kijana amekufanya nini?"

"Amechukua kazi yangu, mama. Ile ya tumbili."

"Na machozi yote haya ni ya tumbili, mwana wanjye? Nilidhani ana mke amekuficha."

"Mama."

"Haya, nimeacha. Nani aliwapa hizo picha?"

"Mzee Telesfori. Mimi na yeye wote."

"Basi mbona unapigana na simu? Rudini kwa mzee awasemee. Na ukifika usianze kulia, wala usimpite mzee ukaanza kuzungumza na mwingine. Watauliza umelelewa na nani."

Hivyo Niyigena akamwandikia Jovin kuwa wakutane Kamuli, Alhamisi mchana, mbele ya mzee. Jovin akajibu kwa kidole gumba.

Alipofika, pikipiki ya Jovin ilikuwa imeshaegeshwa chini ya mparachichi na mwenyewe ameketi sebuleni, miguu ameinyoosha, anamweleza mzee jinsi ukumbi wa Jumamosi utakavyopambwa. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kicheko cha karibu, wa kupendwa na watu, na hilo nalo lilimkasirisha Niyigena, kwamba angeweza kumpenda. Akapiga magoti akasalimia. "Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Nimeambiwa mmegombana." Mzee Telesfori alikuwa amevaa koti juu ya shati la mikono mifupi, na ilionekana kesi ile imemfurahisha. Nyuma ya kichwa chake, kati ya kalenda ya kanisa na saa iliyosimama, ilitundikwa picha ya marehemu mkewe, Kokushubira, amesimama kwenye kibanja cha migomba na fimbo mkononi. Mwanamke mwenye kitenge kiunoni aliingia na kikapu kidogo cha kahawa, akakiweka kwenye stuli, akatoka. Niyigena alisema asante bila kuinua macho, maana alikuwa anayapanga maneno yake.

"Haya," mzee akasema. "Nani kaibiwa?"

"Mimi, tata."

"Kaibiwa nini, mzee?" Jovin akadakia kwa upole. "Picha zake bado anazo zote. Mbuzi akiibwa, zizi linabaki tupu. Kwake zizi limejaa."

"Amefuta jina langu. Niliandika wazi usiufute mstari huu. Nilizichomoa mimi, nikazisafisha mimi, nilikaa msimu mzima wa mvua—"

"Vibarua nao wanakaa msimu mzima wakichuma kahawa. Kahawa inakuwa ya vibarua? Si ya mwenye shamba? Mimi nimekwenda kwa mwenye shamba, huyu hapa, waitu, mzee wetu, na jina lake nimeliandika."

"Mkia ni wangu," Niyigena akasema, na sauti ikaanza kumtetemeka. "Ule mkia haukuwamo. Niliuchora mimi."

Jovin akamtazama, akashindwa kujizuia. "Basi mkia nitakurudishia, dada. Jumamosi tumbili atakimbia na kisiki."

Mzee akacheka mpaka kahawa ikampalia. Machozi ya Niyigena yakashuka, yale yale ya siku zote, na wote wawili wakageuka kumwonea huruma. Alitamani sakafu ipasuke, kisha akatamani impasukie Jovin.

"Basi, basi," mzee akasema, akijifuta. "Wote ni wanangu, wote mliniheshimu mkaja. Wewe Jovin, liandike jina la binti huyu. Liandike chini ya langu. Na wewe binti, futa machozi, yamekwisha. Eustadia, tuletee rubisi wageni wanywe, wapatane."

Yule mwanamke wa kitenge akarudi. Hakuleta rubisi. Alisimama kati ya mlango wa uani na stuli, mikono ina masizi ya jikoni, akamtazama baba yake.

"Tata, naomba niseme."

"Sema."

"Hawa wageni, wamekuja kumwomba nani?"

"Si wanazo picha zile zako za kwenye simu? Waliniomba, nikawapa."

"Zangu," Eustadia akasema. "Umesema zangu."

Niyigena alimtazama mwanamke yule kwa mara ya kwanza: paji pana, macho yenye uchovu, umri wa miaka thelathini na kitu. E. hakuwa Dar es Salaam. Alikuwa pale pale, umbali wa ukuta mmoja.

"Ulipokuja mara ya kwanza," Eustadia akamwambia, bila kupandisha sauti, "nilikumwagia maji ukanawa mikono. Mikono yangu hii. Ukasema asante mama, ukaingia kumuuliza baba kama mchoraji yupo. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikasema labda akitoka ataniuliza. Ukatoka ukapanda bodaboda. Na wewe," akamgeukia Jovin, "uliniletea sabuni. Ukaniambia mpe mzee. Ulitaka mzee akafue?"

"Dada, mimi sikujua," Jovin akasema. "Tulimwona mwenye nyumba. Ndiyo adabu."

"Nyumba haikuchora tumbili."

"Eustadia," mzee akaonya, lakini taratibu.

"Nyamaza kidogo, tata, nisamehe. Miaka yote nimenyamaza mimi." Akanyoosha mkono. "Huo mchezo. Nipe niuone."

Jovin alisita, na hapo ndipo Niyigena alipoona kwamba kuna kitu Jovin anakiogopa ambacho si kesi ya majina. Akaitoa simu. Eustadia akajifuta vidole kwenye kitenge, akaanza kucheza. Alicheza kama mtu anayeijua njia. Tumbili wake hakugonga mgomba hata mmoja. Bibi akatokea nyuma na fimbo yake, akija kwa hatua ile ya kuchechemea, mguu wa kushoto ukifuata kwa kuchelewa. Uso wa Eustadia ukalainika. Kisha bibi akakanyaga ganda, akapinduka, akaangukia matopeni, na kengele ya pointi ikalia kwa furaha.

Eustadia akaurudisha mchezo mwanzo. Alicheza tena. Bibi akaanguka tena. Akampelekea baba yake simu, akamshikia mbele ya macho, kwa kuwa mzee alikuwa hajawahi kuuona. Idhini aliitoa akiwa na kahawa kinywani.

"Mwangalie anavyotembea," akamwambia.

Mzee akaangalia. Bibi akaja, akichechemea. Mzee akainua macho kwenye picha iliyo ukutani, akayashusha, na wakati huo kengele ikalia.

"Huyu ni mama yako," akasema.

"Ni mama. Nilimchora akitoka kisimani, wakati mguu ulikuwa umeshaumia. Vijana wa Mwanza walitaka aanguke, ili watoto wacheke. Tuligombana nao wiki nzima. Nikawaambia bibi huyu haanguki. Anachelewa, lakini anafika, na tumbili akimwona anatupa ndizi anakimbia. Wakakubali. Kampuni ilipokufa walituambia kila mtu achukue kazi yake, nikaja nayo nyumbani, nikamuuguza mama, nikamzika. Hajawahi kuanguka, tata. Ameangushwa na ruhusa yako."

Mzee akasimama. Alipita katikati yao akatoka nje, na wakamwona dirishani akiingia kwenye kibanja, koti limekamatwa na majani makavu ya mgomba, wala yeye halinasui.

Niyigena alikumbuka. Shuleni walimwogopa bibi yule. Ukisikia fimbo yake unajua mchezo umekwisha. Na alipozichomoa picha alizipanga zote kwa mkono wake, na katika zote hapakuwa na picha ya kuanguka.

"Umempindua," akamwambia Jovin. Sauti haikutetemeka safari hii, na machozi hayakuja. "Hakuna picha ya kuanguka. Nazijua zote. Umechukua ya kutembea ukaipindua miguu juu."

"Ni mchezo, dada. Watu wacheke."

"Mteja wangu alicheka mpaka akatoa machozi. Mimi nilikuwa hapo hapo. Unajua nilikuwa naangalia nini? Mkia." Alilisema kama mtu anayetema kitu kibaya. "Nilikuwa natafuta jina langu."

"Sawa, nimekosea," Jovin akasema, na ule utani ukawa umemtoka. "Nitaandika jina lako, dada Eustadia. Juu kabisa, kubwa, kabla ya la mtu yeyote."

"Uandike jina langu kwenye mama yangu akiwa matopeni?" Eustadia akamrudishia simu kwa ncha za vidole. "Waone kwamba ndiye mimi niliyemsukuma? Sitaki jina. Nataka umtoe. Na tumbili umtoe. Sikukupa hata jani la mgomba."

"Jumamosi ni keshokutwa."

"Najua."

"Watu wamealikwa. Nitawaonyesha nini?"

"Chora," Eustadia akasema. "Mimi nilichora."

Kisha akamgeukia Niyigena, na Niyigena akajikuta ameshasimama, kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

"Na wewe zitoe huko ulikoziweka. Wewe ndiwe uliyefungua mlango. Uliandika watu wakutaje. Hukuandika wasimfanye nini."

"Ungekataa?" Niyigena akauliza. Halikuwa swali la kujitetea. Alitaka kweli kujua. "Ningekuuliza, ungekataa?"

"Ningekataa. Au ningekubali nikakuambia bibi asiguswe. Au ningekaa nikalia kwanza. Sijui ningefanya nini. Hukuuliza."

Akachukua kikapu chake cha kahawa, ambacho hakuna mgeni aliyekigusa, akarudi jikoni.

Pale ndani mtandao ulikuwa hauchukui. Niyigena akapanda hadi barabarani, akasimama juu ya ukingo wa mtaro na simu mkononi, akafungua ukurasa wake. Zilikuwamo zote: hatua za bibi katika mstari mmoja, zimesafishwa kingo mpaka zinang'aa, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya kwa mikono yake. Akafuta. Ukurasa ukamuuliza kama ana hakika. Akaujibu ndiyo, kwa kidole kilichobonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaanza kuwaandikia waliowahi kuzipakua, mmoja mmoja, akiwaomba wasizitumie. Mmoja akamjibu hapo hapo: "Uliziweka mwenyewe. Usitusumbue." Akalisoma neno hilo lile lile ambalo angeweza kuliandika yeye wiki iliyopita.

Jovin alipita na pikipiki, akapunguza mwendo, akawa kama anayetaka kusema jambo. Niyigena hakumwangalia. Hasira ya mkia ilikuwa imekwisha. Hii ilikuwa nyingine, na haikuwa ya Jovin peke yake, ndiyo maana haikuwa na pa kwenda.

Jumamosi alikwenda ukumbini, akakaa mstari wa nyuma karibu na mlango. Alikwenda kuhakikisha. Kama bibi angetokea, alikuwa ameazimia kusimama mbele ya watu wote na kusema, yeye ambaye kanisani hushindwa hata kusoma somo.

Ukutani ikawaka picha. Migomba haikuwapo, palikuwa na mistari ya kijani iliyosimama kama miti ya uzio. Akatokea mnyama wa kahawia wa mviringo, ana macho mawili ya ukubwa tofauti. Nyuma yake likaja duara jekundu lenye miguu.

"Hicho ni nini, kiazi?" mtu akauliza kwa sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Ni tumbili," Jovin akajibu toka jukwaani. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi.

"Na hiyo nyanya inayomfukuza?"

"Hiyo ni mwenye shamba."

Walicheka mpaka mwisho, na mwishoni yakaja majina. Michoro: Jovin Kamugisha. Wakacheka zaidi. Jovin alisimama pale akavumilia, na macho yake yakamtafuta Niyigena nyuma kule, kana kwamba anamwambia, umeridhika sasa. Niyigena hakuridhika. Alitoka kabla ya soda.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa kazini akarudi Kamuli. Hakuchukua sukari. Alipofika kwenye mparachichi aliona mlango wa mbele uko wazi na koti la mzee limetundikwa kwenye kiti. Akauzunguka ukuta, akapita kwenye mgomba wa pembeni, akaingia uani kwa njia ya jikoni. Eustadia alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi, na maganda yamerundikana miguuni pake. Niyigena akapiga magoti palepale kwenye vumbi lenye utomvu.

"Shikamoo."

Eustadia hakuitikia upesi. Alimaliza kumenya ndizi iliyokuwa mkononi, akaitumbukiza kwenye maji.

"Mzee yuko sebuleni," akasema.

"Sikuja kwa mzee."

"Umekuja kuomba picha?"

"Hapana. Nimezitoa zote. Walio nazo nimewaandikia, wengine wamenitukana. Nimekuja kuuliza nilichopaswa kuuliza. Wewe ndiye uliyechora?"

Kisu kikasimama. Kutoka sebuleni walimsikia mzee akikohoa, kisha akiuliza kwa sauti kuna mgeni gani huko, mbona hajaingia kusalimia. Kwa mazoea goti moja la Niyigena likaanza kuinuka lenyewe. Akalirudisha chini.

"Atakusema," Eustadia akasema. "Atauliza umelelewa wapi."

"Aulize."

Eustadia akachukua ndizi nyingine. Uso haukuwa umelainika, wala hakutabasamu.

"Ndiyo, ni mimi niliyechora," akasema. "Na bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Marahaba. Kisu kingine kiko pale dirishani. Angalia utomvu, utakuharibia sketi."